Chunjua za kucha: mtoto hakulilia wembe, mbona tunampa?

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Walikuwa na maana yao: mkaidi ajifunze kwa damu yake mwenyewe. Lakini hapa kwetu Kamango, kama ilivyo Beni na Butembo, kuna watoto ambao hawakulilia wembe wowote na bado wanapewa. Wanashikwa mkono, kidole kinawekwa juu ya kiti, na mtu mzima anakata chunjua iliyoota pembeni ya kucha. Pasipo wembe kuna msumari uliopashwa moto, au kijinga kilichotolewa jikoni, au tone la asidi ya betri ya pikipiki.

Anayefanya hivyo mara nyingi ni mzazi anayempenda mtoto wake. Anaona kidole kinaharibika, anaona kucha inapinda, anasikia mtoto analalamika kwamba kushika kalamu kunauma. Ameuliza kwa jirani, ameuliza dukani, labda ameuliza hata kwenye kituo cha afya, na hakupata jibu la kueleweka. Basi anashika kile kilichopo.

Msimamo wangu katika makala hii ni huu: chunjua ya kidole si ugonjwa wa kuua, na kwa sehemu kubwa huisha yenyewe. Kinachomuumiza mtoto ni tiba tunazozibuni kwa sababu hakuna aliyetueleza. Na kukosekana kwa maelezo hayo si jambo dogo. Imani ya watu kwa huduma ya afya hujengwa au hubomoka hapo hapo, kwenye vitu vidogo.

Kwanini chunjua, katika nchi yenye vita?

Najua swali litakalokuja kwanza. Mtu atasema: wewe mwandishi, usultani wa Watalinga umeona makubwa, kisha unatuandikia habari ya chunjua?

Ni kweli tumeona makubwa. Tarehe 11 Julai 2013 waasi wa ADF waliushambulia mji wetu, na watu zaidi ya 60,000 wakakimbilia wilaya ya Bundibugyo, Uganda. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya MONUSCO iliyoko Semuliki, kwenye barabara ya Mbau-Kamango, ilishambuliwa na walinda amani wa Tanzania wakauawa. Tangu mwisho wa Novemba 2021 majeshi ya Kongo na Uganda yako katika operesheni Shujaa, na Nobili imekuwa mlango wake. Malaria haijaacha kuua watoto. Mwenye kuweka chunjua juu ya hayo yote angekuwa hajui anakoishi.

Lakini nauliza na mimi: ni lini mzazi wa kawaida anakutana na muuguzi? Si siku ya shambulio. Anakutana naye siku mtoto ana kikohozi, ana upele, ana kidole kibovu. Siku hiyo ndiyo anapoamua kama mtu aliyevaa koti jeupe anajua kitu na anamjali. Akipata jibu zuri, atarudi kesho kutwa na jambo kubwa zaidi. Akifukuzwa kwa maneno ya "hicho si kitu, nenda", hatarudi.

Beni na Butembo tulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulikwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuhesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Katikati ya balaa hilo, Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, raia wa Cameroon aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi Butembo akiwa kazini. Hakuna sababu inayoweza kuhalalisha mauaji hayo. Ila kila mwandishi aliyefuatilia habari za mlipuko ule anakumbuka lawama iliyokuwa mitaani: mnakuja na magari kwa ajili ya Ebola, mbona hamkuja tulipokuwa tunakufa kwa mengine?

Lawama ile haikuzaliwa siku moja. Ilizaliwa na miaka mingi ya kuingia kituo cha afya na kutoka bila jibu. Ndiyo maana nasema chunjua ina maana yake.

Chunjua ni nini hasa

Chunjua ni kivimbe kigumu cha ngozi, chenye uso unaokwaruza, mara nyingine chenye vidoadoa vyeusi ndani yake. Vidoa hivyo si mizizi wala wadudu. Ni mishipa midogo ya damu iliyoganda. Kwa hiyo ule usemi wa "kung'oa mizizi" hauna ukweli: chunjua haina mizizi inayoingia mpaka mfupani. Iko kwenye tabaka la juu la ngozi.

Chanzo chake ni virusi. Hilo lilijulikana zamani: mwaka 1907 daktari wa Italia, Giuseppe Ciuffo, alichukua majimaji ya chunjua, akayachuja mpaka hakuna chembe hai iliyobaki, akajichanja nayo mwenyewe, na chunjua ikaota. Leo tunaviita virusi hivyo HPV, na aina zake zinapita 200. Hapa pana jambo linalotisha wazazi bila sababu. Wamesikia kwenye redio kwamba HPV inaleta saratani ya mlango wa kizazi, basi wanapoambiwa mtoto ana HPV kidoleni wanaingiwa na hofu au na mawazo mabaya. Aina zinazoleta chunjua za vidole ni nyingine na zile zinazoleta saratani hiyo ni nyingine. Chunjua ya mkononi mwa mtoto haimaanishi kwamba amefanyiwa au amefanya jambo la aibu.

Virusi hivi vinaingia pale ngozi ilipochubuka. Mtoto anayetafuna kucha, anayenyonya kidole, anayevuta kwa meno vile vingozi vinavyochomoza kando ya kucha, anajifungulia mlango mwenyewe. Mikono inayoloa kila siku, kufua, kuosha vyombo, kusaidia kutoa punje za kakao kwenye ganda, ngozi yake hulainika na kuchubuka upesi. Kisha chunjua moja inazaa nyingine, kwa sababu mtoto anaikwangua kwa kidole cha pembeni. Kutoka siku virusi vilipoingia mpaka chunjua kuonekana zinaweza kupita wiki au miezi mingi. Hivyo kutafuta ni mtoto gani wa jirani "aliyeileta" ni kazi bure, na mara nyingi ni chanzo cha ugomvi.

Zilizo pembeni ya kucha na chini yake ndizo sugu zaidi. Ngozi ya pale ni nene, dawa haifiki vizuri, na kila mtoto anapotafuna kucha anazipanda upya. Lakini kuna sababu nyingine ya kuziogopa, na hii ndiyo kila mzazi anapaswa kuijua: chini ya ngozi, nyuma kidogo ya pale kucha inapoanzia, ndipo kucha inapotengenezwa. Ukikata hapo kwa wembe, ukichoma kwa moto, ukimwaga asidi kali, unaweza kuua sehemu hiyo. Chunjua ingeweza kuisha, lakini kucha itaota imepasuka au imepinda maisha yote.

Dawa ya kwanza ni subira

Ninajua neno hili halipendwi. Mzazi ametembea na mtoto, amelipa franka zake kwenye kituo, kisha anaambiwa asubiri. Anaona ameibiwa. Lakini huo ndio ukweli ambao sayansi inao.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1963 uliwafuatilia watoto wenye chunjua bila kuwatibu, na ukakuta kwamba baada ya miaka miwili theluthi mbili ya chunjua hizo zimeisha zenyewe. Miaka ya karibuni Waholanzi walifanya kazi kama hiyo kwa wanafunzi wa shule za msingi, na karibu nusu ya watoto walikuwa wamepona ndani ya mwaka mmoja. Sababu ni kinga ya mwili. Virusi hivi vinajificha kwenye ngozi ya juu ambako askari wa mwili hawavioni upesi. Siku wakiviona, chunjua zinaweza kukauka na kudondoka zote kwa mpigo.

Hapo ndipo penye siri ya tiba nyingi zinazosifiwa mitaani. Mtu alipaka majani fulani, au utomvu fulani, au aliambiwa aifunge kwa uzi, na baada ya miezi minne chunjua ikaondoka. Anaapa kwamba ni ile dawa. Huenda ingeondoka hata bila dawa. Simdharau anayeapa hivyo, kwa kuwa hata madaktari wa Ulaya na Marekani waliingia mtego huo huo. Mwaka 2002 ulitoka utafiti mdogo Marekani uliosema kufunika chunjua kwa utepe wa gundi kunaponya watoto wengi kuliko kuigandisha kwa baridi kali. Dunia nzima ikafunika chunjua kwa utepe. Miaka michache baadaye majaribio mawili, moja kwa wanafunzi wa Uholanzi na lingine kwa watu wazima wa Marekani, yakashindwa kuonyesha kwamba utepe huo una nguvu ya maana. Afadhali utepe kuliko wembe, maana utepe haumdhuru mtoto. Lakini asidanganywe mtu.

Kwa hiyo chunjua isiyouma, isiyoongezeka na isiyopindisha kucha, inaweza kuachwa. Mtoto azuiwe kutafuna kucha, chunjua ifunikwe kwa plasta, na kila mtu nyumbani awe na kifaa chake cha kukatia kucha. Mzazi anayeambiwa hivi kwa utulivu, akaelezwa kwa nini, haoni kwamba ameibiwa. Anaona ameheshimiwa.

Zile sugu je?

Kuna zinazokataa. Miaka inapita, vidole vitatu vinakuwa vitano, mtoto anaficha mikono chini ya dawati. Huyo haambiwi tena asubiri.

Dawa inayowezekana katika mazingira yetu ni asidi ya salisiliki. Si asidi ya betri: majina yamefanana tu. Hii inalainisha ngozi ngumu na kuibandua kidogo kidogo. Kwa chunjua za vidole hutumika ile ya nguvu ya asilimia 15 hadi 20 hivi. Kila jioni kidole kinalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika tano mpaka kumi. Ngozi iliyolainika inasuguliwa taratibu kwa kitu cha kukwaruza ambacho hakitumiwi na mtu mwingine yeyote. Vazelini inapakwa pembeni kulinda ngozi nzima, kisha tone la dawa linawekwa juu ya chunjua pekee, linaachwa likauke, na plasta inafunika. Kesho yake tena. Kazi hii inaweza kuchukua wiki 12. Kidole kikiwa chekundu na kikiuma, unapumzika siku kadhaa. Haipakwi usoni, haipakwi kwenye kidonda, na mtoto mdogo sana haanzishiwi bila muuguzi au daktari kumwona. Chupa ikae mbali na watoto na mbali na moto, kwa kuwa dawa nyingi za namna hii zinawaka.

Tahadhari mbili za dukani. Pomada ya Whitfield ina asidi hiyo asilimia 3 tu na kazi yake ni fangasi za ngozi; usitegemee iondoe chunjua sugu. Na kusaga vidonge vya aspirini si sawa na dawa hii, ingawa ni ndugu wa karibu: usimpake wala usimmezeshe mtoto. Zile krimu kali za kubadilisha rangi ya ngozi, zinazouzwa sokoni kwa kila tatizo, haziui virusi hivi. Zinapunguza kinga ya ngozi, na chunjua inaweza kunawiri.

Sitaki pia kuisifu asidi ya salisiliki kupita kiasi. Katika utafiti wa Waholanzi uliotoka mwaka 2010, chunjua za kawaida zilizogandishwa kwa naitrojeni zilipona kwa asilimia 49 ya wagonjwa baada ya wiki 13. Kwa asidi ya salisiliki walipona asilimia 15, na kwa kusubiri tu asilimia 8. Kwa maneno mengine, baridi ilishinda. Lakini naitrojeni ile ni kimiminika chenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inahitaji kiwanda, mitungi maalumu na barabara. Inauma sana, mtoto mdogo haivumilii kirahisi, na karibu na kucha lazima iwe mkono wa mtu aliyefunzwa, la sivyo inaharibu pale pale ambapo wembe unaharibu. Si haki kumwambia mama wa Kamango auze mbuzi asafiri kuitafuta, wakati njia ya polepole haijajaribiwa.

Mtoto wa kupelekwa kwa daktari ni yule ambaye chunjua zimezagaa kwa haraka mikononi na usoni, au anadhoofika, au anaugua mara kwa mara. Huyo anahitaji kupimwa vizuri, pamoja na kipimo cha virusi vya UKIMWI, kwa siri na kwa heshima, kwa sababu kinga inaposhuka chunjua huongezeka. Aende pia mwenye kidole kilichovimba, chekundu, chenye usaha, maana huo ni mdudu wa kidole, si chunjua. Na yule mwenye vipele vipya vilivyotoka pamoja na homa na matezi yaliyovimba asikae nyumbani. Tangu dharura ya mpox iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani Agosti 2024, kila kipele kinatiliwa shaka. Ni vizuri kuwa macho. Lakini chunjua iliyokaa kidoleni mwaka mzima bila homa si mpox, na mtoto huyo hana sababu ya kufukuzwa darasani.

Wembe unaacha nini nyuma

Turudi kwenye wembe, kwa sababu ndio unaonifanya niandike. Chunjua ikikatwa hutoa damu nyingi. Virusi vya chunjua haviko kwenye damu bali kwenye ngozi ya chunjua yenyewe, basi kila kipande chake kinachogusa ngozi iliyochubuka kinaweza kupanda chunjua mpya. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Wembe huo huo ukitumika kwa mtoto wa pili, unaweza kubeba homa ya ini ya aina B, ambayo virusi vyake hukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Unaweza kubeba virusi vya UKIMWI. Kidonda kikipata udongo, pepopunda iko karibu.

Chanjo za watoto wachanga zinakinga pepopunda na homa ya ini B. Lakini tujiulize ni watoto wangapi walizaliwa njiani, wakakulia kwenye kambi, wakarudi bila kadi ya chanjo. Mtoto wa namna hiyo akikatwa kidole kwa wembe wa mtaani, anawekwa hatarini kwa sababu ya kitu ambacho huenda kingedondoka chenyewe kabla hajamaliza darasa lake.

Tunachodai

Wakati wa Ebola, chanjo iliyohitaji baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri ilifika Beni na Butembo. Ilipita kwenye barabara zetu, pamoja na mashimo yake na hatari zake, na watu zaidi ya 300,000 wakachanjwa. Nani basi atatuambia kwamba chupa ndogo ya asidi ya salisiliki, isiyohitaji hata friji, haiwezi kufika Kamango na Nobili? Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Naomba ofisi ya afya ya Kivu ya Kaskazini na zoni zetu za afya ziiweke kwenye oda zao, katika nguvu inayofaa kwa chunjua, na wauguzi waelezwe namna ya kuitumia.

Dawa bila ujuzi haitoshi. Hatuwezi kungojea daktari wa ngozi aje kukaa hapa. Hata miji mikubwa inawatafuta. Lakini mfano uko karibu. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kuna chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Kazi yake moja kubwa ni kuwafundisha maafisa tabibu na wauguzi kwa miaka miwili, wakarudi vijijini kwao kutibu ngozi. Huko Mali walifanya jambo fupi zaidi: waliwapa wafanyakazi wa vituo vya afya vya kawaida mafunzo mafupi ya magonjwa ya ngozi yanayoonekana kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba wagonjwa waliotambuliwa sawasawa na kupewa tiba inayofaa waliongezeka, na gharama ya dawa walizoandikiwa ikapungua. Kwa mgonjwa anayelipa kutoka mfukoni mwake, hilo la mwisho si dogo.

Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linaloyataja magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya umma. Maazimio ya Geneva ni rahisi kuyapigia makofi. Kipimo chake ni kama muuguzi wa Kamango ataweza kutofautisha chunjua, upele, fangasi na mpox bila kubahatisha.

Kwa walimu: tangu masomo ya msingi ya serikali yalipofanywa bure mwaka 2019 madarasa yamejaa, na najua mnabeba mzigo. Bado, msimkalishe mtoto wa chunjua peke yake, wala msimtume nyumbani. Mfundisheni asitafune kucha, mwambieni afunike kidole. Inatosha.

Kwa wazazi: wembe uachwe. Moto uachwe. Asidi ya betri iachwe kwenye betri. Anayekuahidi kuondoa chunjua kwa siku moja anakuuzia kovu.

Na kwa wauguzi wetu, ambao wengi wao wanafanya kazi kwa mshahara usiofika kwa wakati, nina ombi ambalo haligharimu franka hata moja. Mama akija na mtoto mwenye kidole kibaya, msimwambie kwamba si kitu. Kishikeni kile kidole, kiangalieni, mwambieni ni nini, kwa nini kinakaa muda mrefu, na lini arudi. Mama aliyejibiwa vizuri juu ya chunjua ndiye atakayekubali, siku ya hatari, kufungua mlango kwa chanjo.